Gato ya viatu kwa mapasa ya Euphrasie

Mama Hawa, wewe ambaye mama wote wa Kindu tunakusikiliza ku radio, nisaidie, kwa maana niko na neno moyoni na hata bwana yangu sikumuelezea.

Mimi ni mupishi wa gato, keki za sherehe, hapa Mikelenge, kazi nilifundishwa na masista, napika ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na rafiki yangu wa kufa na kuzikana ni Euphrasie, bibi ya mwalimu Okito, na huyo Euphrasie alikaa miaka bila kuzaa, watu wakamusema mpaka wakachoka, halafu Mungu akamupa mapasa, Omba na Shako, watoto wawili kwa mara moja, furaha gani hiyo! Nikamuambia siku ya kutoa watoto inje gato iko juu yangu, na si ile ya duara ya kila siku, nitatengeneza kitu Kindu haijaona.

Nilikuwa nimeona katika gazeti ya masista picha ya gato mufano wa viatu vya mutoto, vile vidogo vya kufuma, basi nikapika mbili, nikazichonga kwa kisu mpaka kisigino kikatokea, nikapakaa ute wa mayai na sukari ya kusaga, maji ya mboga ya lengalenga nyekundu ikatoa rangi ya roze, nikaweka hata kamba za kufungia, na nikajisifu rohoni: viatu viwili, watoto wawili, kila mumoja na chake.

Siku ile watu walijaa, wakapiga vigelegele, nikaweka gato ku meza, na mama mukwe wa Euphrasie, Mama Onema, aliyetoka kijijini kwake Tunda kwa ajili ya wajukuu, akazunguka meza akaniuliza pole pole: “Mwanangu, viatu hivi ni vya mutoto gani?” Nikasema: “Vya wote wawili, mama. Kimoja cha Omba, kimoja cha Shako.” Akasema: “Hapana. Hivi ni viatu vya mutoto mumoja. Mwenzake atavaa nini? Mapasa hawapewi nusu nusu.” Watu wakaanza kucheka, mimi nikaona haya, na badala ya kunyamaza nikamujibu mbele ya wote: “Mama, hii iko gato, si dawa ya mizimu. Mambo ya Tunda uiache Tunda.” Nikashika kisu nikakata. Yeye hakula.

Mwezi haukuisha, homa ikamushika Omba, akafa. Mama Hawa, sikuenda ku kilio. Nilisema niko mugonjwa, uongo mutupu, niliogopa macho ya ule muzee. Na Euphrasie hajanitukana hata kidogo, siku ya salongo, ile kazi ya usafi ya mutaa wote, tunafagia barabara moja, ananisalimia “jambo mama” sawa vile anasalimia mugeni, na hiyo njo inaniumiza kuliko matusi. Sasa Okito amehamishwa Lubutu, wataondoka mwisho wa mwezi. Ni gato yangu njo iliua mutoto? Niandike barua, nitume mutu, ao ninyamaze waende?

Mwenye kujuta,
L., Mikelenge

*

L., mwanangu, pole. Na sasa kaa vizuri, kwa maana pole yangu imeishia hapo.

Gato haiui mutoto. Homa njo ilimuua Omba, sawa vile inaua watoto wa wale ambao hawajaona gato hata siku moja. Lakini unajua kwa nini unashikilia hilo neno la gato? Kosa la sukari ni jepesi kubeba kuliko kosa lako la kweli.

Kitu cha mapasa kinakwenda viwili viwili, hata mutoto wa hapa anajua. Ulisahau, basi, furaha ilikupofusha, hiyo inasamehewa. Muzee akakusahihisha kwa sauti ya chini, na wewe ukamutukana mbele ya wajukuu wake! Kweli ulimi hauna mufupa. Halafu unaniandikia “rafiki wa kufa na kuzikana”, na maziko yenyewe ulikuwa umejilaza na ugonjwa wa uongo. Ebo! Siku zote za kilio Euphrasie alikaa chini akiangalia mulango. Unafikiri alikuwa anangoja gato? Alipoteza watu wawili, mama: mumoja Mungu alimuchukua, wa pili alijificha ndani ya nyumba yake, hapo jirani.

Barua hapana. Kutuma mutu hapana. Pole ya mutoto haibebwi na mujumbe. Enda mwenyewe kesho asubuhi, mbele hawajafunga mizigo. Anza kwa Mama Onema, piga magoti, sema: “Mama, nilikutukana, na wewe ulisema kweli.” Usitie “lakini” ndani. Kama amerudi kwake, utamufuata mpaka Tunda, miguu unayo. Kwa Shako beba vitambaa viwili vya sawa sawa. Kile cha Omba, mama yake atajua pa kukiweka.

Kisha kaa chini karibu na Euphrasie, na usianze kumuhesabia vile unateseka, siku hiyo si yako. Akikufukuza, toka, urudi kesho yake. Akinyamaza, kaa. Akilia, usimunyamazishe. Lia naye, umechelewa vya kutosha.