Siku Niliyomtoa Mama Nje

Mjukuu wangu Neema,

Huku Machakos tu wazima, na babu yako ameanza kutembea tena bila fimbo. Umeniuliza kama nilipokuwa nesi huko Doha, Qatar, niliwahi kujutia jambo.

Ndiyo, niliwahi. Siku moja wanawake wawili Wakenya walileta hospitalini kwetu msichana mdogo aliyebanwa na pumu. Nilimuuliza aliyembeba, "Wewe ni nani yake?"

"Mama yake."

Lakini kadi ya mtoto ya hospitali ilimtaja mwenzake kuwa ndiye mama. Mwenzake akanong'ona, "Sista, mimi ndiye niliyemzaa, ila tunamlea pamoja. Sisi wawili ni mama zake."

Nilipigwa na butwaa. Sikuwahi kusikia jambo kama hilo. Nikamwambia yule aliyembeba, "Wewe toka nje."

"Tafadhali, usipaze sauti," akasema. Huko wangeweza kufungwa kwa kupendana hivyo. Akamkabidhi mwenzake mtoto, akatoka.

Mtoto alilia akimwita, akasukuma barakoa ya dawa, midomo ikaanza kugeuka bluu. Mwenzake akapiga kelele, "Mrudishe! Ndiye anayejua kumtuliza!"

Nilikimbia kumwita. Aliporudi alimpakata mtoto, akapumua naye polepole, na barakoa ikakaa. Baada ya muda rangi ilirudi. Sikumwambia mtu yeyote habari zao.

Walipoondoka, yule niliyemtoa nje alinishika mkono. "Asante, Sista." Sikuweza kumtazama usoni. Mpaka leo nashtuka jinsi nilivyosema "nje" upesi hivyo, mtoto akiwa hana pumzi.

Nakukumbatia,
Nyanya yako