Pigo la Pili

Uyole, Mbeya
12 Agosti

Mpendwa dada Severina,

Kamwene, dada yangu. Hali yako, na ya shemeji Didas na watoto hapo Kihesa? Kikohozi cha mama kimepoa? Sisi huku tu wazima. Baridi ya Uyole inauma, lakini mimi nina wa kunipa joto, kwa hiyo siilalamikii.

Dada, ndoa ni tamu. Hii ni wiki ya saba na bado nikisikia hatua za Anyitike mlangoni moyo unanipiga kama wa msichana wa kidato cha pili. Asubuhi ananichemshia maji ya kuoga kabla sijaamka. Majirani wanamcheka, wanamwambia amelishwa kitu na Wahehe. Yeye anawajibu kwamba amelishwa na bado ana njaa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Baba mkwe yuko chumba cha pili, na ukuta wetu ni wa mbao. Jirani yangu Devota anakuja Iringa kesho, atakukabidhi mkononi. Ukishaisoma ichome.

Unajua kwamba baba mkwe anashika mila ya zamani ya Kinyakyusa. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, wala hawagusani. Akitaka kupita anagonga ukuta kwa fimbo, nami nakimbilia jikoni.

Mwezi uliopita tulishuka ziwani Matema ili nikaonyeshwe kwa bibi yake Anyitike, anayeishi kusini zaidi chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo gari halifiki. Tulipanda mashua ya tanga ya baba mkwe. Yeye alikaa nyuma kwenye usukani, Anyitike katikati, na mimi mbele kabisa penye nanga, nikimpa mgongo mzee, kitenge kichwani. Akitaka nisogee aliliambia tanga kwamba kuna mtu amekalia kamba. Anyitike alicheka, mimi nikasogea.

Mchana upepo wa mwera ukavuma. Ziwa likageuka jeusi na mawimbi yakaanza kutupiga makofi. Tukakimbilia ghuba ya kisiwa kidogo cha mawe meusi yenye matundu kama mkate, mawe ambayo Anyitike alisema yalitoka motoni zamani sana, mlima ulipopasuka. Mume wangu alinifundisha kila kitu kwa sauti ile yake. Pua ya mashua ielekee upepo, tanga lishuke, nanga ishushwe taratibu wala isirushwe, kisha kamba iachiwe mara tano ya kina cha maji. Aliniambia nanga haishiki kwa uzito, inashika kwa kulala. Nikachagua mti na jiwe vya kutazama ufukweni: vikiachana, ujue tunaburuzwa. Dada, nililowa mpaka mifupa na bado nilijiona malkia.

Kisha upepo ukageuka na kuingia moja kwa moja ghubani. Mti na jiwe vikaachana. Chini palikuwa mwamba mtupu, nanga ikateleza juu yake kama kijiko juu ya sahani, na nyuma yetu mawe yalikuwa yanatafuna mawimbi na kuyatema. Anyitike akanibusu paji la uso mbele ya baba yake, akavua shati, akapiga mbizi kuifuata kamba ili aikwamishe nanga kwenye ufa. Nanga ikashika, mashua ikatulia ghafla na pua ikavutwa chini. Kila wimbi lilitumwagikia. Mimi sijui kuogelea, unajua.

Baba mkwe akaacha usukani akaja mbele kwa magoti, panga mkononi. Alipiga kelele kwamba tunazama, kwamba afadhali kukata kamba tusukumwe kwenye kipande cha mchanga kushoto, na kwamba kijana wake ni samaki, atafika mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa nimeinama pale mbele na nilikuwa naona asichokiona. Anyitike alikuwa anapanda kwa kamba hiyo hiyo, damu inamtoka begani, wimbi linamrusha kuelekea mawe na kamba inamrudisha. Bila kamba angekuwa amekwisha.

Nikamwambia mzee asikate. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake maishani, na upepo ukalichukua. Panga likapanda.

Watu wote wanajua kilichofuata: mti wa tanga ulichomoka ukamvunja baba mkwe mkono na kumng'oa meno mawili. Ndivyo Anyitike anavyosimulia, ndivyo daktari alivyoandika, na ndiyo maana wakwe zangu wapo kwetu hapa mpaka mkono upone. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, mdomo umejaa damu.

Dada, ni mimi. Nilimpiga kwa kasia. Pigo la kwanza lilitua kwenye mkono, nikasikia mfupa, na panga likaenda ziwani. Hapo ilikuwa imetosha. Alikuwa amekaa chini, hana kitu mkononi, ananitazama, nami namtazama. Nikampiga tena, usoni, kwa nguvu zangu zote. Hilo la pili halikuwa la kumwokoa mtu. Mume wangu nampenda kiasi hicho, na sikujua kwamba upendo una mkono mzito namna ile. Nanga ilishika mpaka upepo ulipochoka, nikamkumbatia Anyitike, na sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia. Nimekuwa nikingoja siku nitakayorudishwa Kihesa.

Jana mama mkwe alinifuata jikoni. Akasema ametumwa na hajui maana yake. Mzee anauliza: "Mti wa tanga huwa unapiga mara mbili?"

Nikamwambia apeleke jibu hili: "La kwanza ningelirudia hata leo. La pili naomba anisamehe."

Akaenda. Nikasikia sauti ya mzee nyuma ya mbao, chini chini. Mama mkwe akarudi na uso ule ule. Amesema mzee anadai panga lake tu, hadai kingine.

Basi dada, nakuomba uninunulie panga hapo Iringa umpe Devota akirudi. Liwe zuri, tena liwe kali.

Nisalimie baba na mama, mwambie mama anywe dawa. Watoto wabusu mmoja mmoja. Anyitike angekusalimu, ila hajui kama naandika.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha na hofu,
Faustina