Mtani Wangu Ndani ya Jitu la Chuma

Yustina mdogo wangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukiiona bahasha hii utashika kifua udhani nimekufa. Sijafa. Kaa chini, kula kwanza, ndipo umpe mumeo Adriano akusomee, na umwambie asome polepole, asiruke maneno kama anavyoruka foleni ya kisima.

Habari za Puge? Mpunga umetoka majarubani, au mvua imewachezea tena? Magoti yako je, na yule mbuzi mkorofi mnaye bado au mmeshamla? Sisi huku Tabora tupo, joto linatukaanga, maji yanatoka yanapopenda. Anayeandika hapa ni mjukuu wangu Imakulata. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunirekebisha. Shule sikuiona hata mlango wake, lakini mdomo sikunyimwa.

Mguu ninao bado. Najua hilo ndilo unalongoja, basi nalisema mapema. Kidonda kimefika kwenye kifundo. Daktari bado anasema vilevile alivyosema mbele yako, kwamba ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda, la sivyo mtanizika. Nami nilimjibu nilivyomjibu, kwamba nilikuja duniani na miguu miwili na nitaondoka nayo miwili. Ukalia, ukapanda gari la Nzega kurudi kwako, hata chai hukunywa. Sikukulaumu. Lakini tangu siku ile kila anayeingia kwangu anautazama mguu, halafu anatazama ukuta, halafu anasema pole. Jumuiya nzima imekuja kusema pole. Nimechoka na pole, Yustina. Wanaongea taratibu kama vile maiti imelazwa sebuleni, na maiti yenyewe ni mimi.

Sasa nikupe habari ya ajabu. Unalikumbuka duka la vitambaa la mzee Rasiklal, tuliponunua kanga za harusi yako? Mjukuu wake Nishant ameyatoa majora yote chumba cha nyuma, akaweka mashine za gemu, na Imakulata ndiye anayemwangalizia. Siku moja tumetoka hospitali kusafishwa kidonda, akasema tupitie hapo kidogo, bajaji ikatushusha. Nikakalishwa kwenye benchi. Punde namwona Imakulata kavaa dude la miwani usoni kama warina asali wanavyojifunika, kashika vishikio viwili, anageuka huku na huku, anafoka peke yake. Nikajua kapandwa na pepo. Nikainua fimbo. Nishant akaniwahi, akacheka mpaka akashika meza, akaniambia bibi usimpige, yuko vitani. Nikamwambia kama yuko vitani nami niende, maana yule ni mtoto wangu, haendi vitani peke yake.

Alidhani natania. Nilipoona ananizungusha nikamwambia kwamba babu yake alinipunja dhiraa ya kitambaa nikamsamehe, basi asinijaribu. Akanivalisha.

Mdogo wangu, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, lakini macho yangu yalikuwa juu kama niko kwenye mnara wa kanisa. Nimo ndani ya kifua cha jitu la chuma, na mikono ya jitu ni mikono yangu. Nikiinua mkono, linainua mkono mkubwa kama behewa. Chini naona nyumba kama viberiti na vumbi jekundu hivi, la kwetu kabisa. Imakulata akaniambia nisukume kidole gumba mbele. Nikasukuma. Puu. Jitu likapiga hatua. Puu, ya pili. Nilitembea, Yustina. Wewe umeniona ninavyojikokota kwenda chooni nikishika ukuta. Siku ile nilitembea mpaka nikavuka mto, na wala sikumshika mtu. Niliacha machozi yakatoka humo humo ndani ya ile miwani, hayupo wa kuniona.

Nikawa mtu wa gemu. Nyumbani niliaga nakwenda jumuiya, na Mungu anajua nilikuwa nakwenda kwa Nishant. Kupigana kwenyewe najifunza bado, lakini huyu Imakulata, huyu unayemwona hapa kanyamaza anaandika, ni hatari. Anapiga, anakwepa, anaongoza wenzake, na hawa wenzake ni watu wa kweli, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar es Salaam, wote wanasikizana masikioni. Wanaume wazima wanamwomba awafunike wasipigwe. Nilijivuna mpaka nikaona aibu.

Basi mle masikioni ndiko nilikompata Nassibu. Ni fundi simu wa Mbagala, Dar es Salaam, Mzaramo. Siku hiyo alikuwa upande wa adui. Alipoona tumeandika sisi ni wa Tabora, akaanza. Akasema Wanyamwezi kazi yenu kubeba mizigo tangu enzi za babu zenu, leo mmembebea nani hayo mabunduki, mbona mmeyashika kama vikapu vya viazi. Imakulata akakasirika, akataka amfungie asisikike tena. Nikamwambia amwache, huyo hatukani, huyo ni mtani wetu. Nikamjibu kwamba mzigo niliobeba ni jeneza lake, na aje aoneshe kama bado ana shamba la kuzikiwa au ameshaliuza acheze ngoma.

Yule kijana alikuwa anatukana tu, Yustina, utani hakuujua. Watoto wa siku hizi hawafundishwi. Alidhani amekutana na kizee mwenye kichaa. Ikabidi nimweleze pale pale, risasi zinapita, kwamba babu zetu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani, waliokufa njiani walizikwa na Wazaramo, na Wazaramo waliokuja huku tuliwazika sisi, kwa hiyo yeye ana haki ya kunitukana na mimi nina haki ya kumla kuku wake. Wiki iliyofuata akarudi na adabu zake. Alikuwa amekwenda Kisarawe kumuuliza bibi yake, na bibi akamwambia ni kweli, na akamgombeza kwa kutukana bila kujua anayemtukana. Akaniamkia mwangaluka mayo, salamu ya asubuhi, na jua limeshazama. Nikamtukana vizuri. Toka hapo tukawa upande mmoja.

Sasa sikiliza hii, ndiyo iliyofanya nikuandikie. Juzi tulipigwa. Kombora likaja, likaukata mguu wa jitu langu, nalo jitu likaanguka kwa goti kando ya ukuta. Nikadhani nimekwisha, lakini mikono ilikuwa inafanya kazi bado, basi nikaendelea kupiga. Imakulata akaleta jitu lake, akalisimamisha ubavuni mwangu, nikaliegemea, tukapiga pamoja. Na Nassibu akanicheka. Akasema tazameni Mnyamwezi wa mguu mmoja, sasa utabeba mzigo gani, kizee, utafika Bagamoyo kwa kurukaruka kama chura.

Hakujua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia. Nami sijui nini kilinisukuma, nikamwambia kwamba ndiyo hivyo hivyo, hata huku nilipokaa madaktari wanautaka mguu wangu, nami nimekataa. Nikajua sasa huyu naye atasema pole, na urafiki umeishia hapo.

Akahamia sikioni mwangu peke yangu, wengine wasimsikie, akaniuliza ni mguu upi. Nikamwambia wa kushoto. Akasema basi kiatu cha kushoto ni chake kuanzia leo, nisimpe mtu mwingine, yeye ni mtani na haki anayo, atakitundika mlangoni pa kibanda chake wateja waone. Kisha akasema nikijifanya jeuri nikafa na miguu yangu miwili, atapanda treni mpaka Tabora, alale ndani ya kaburi langu na nguo zake, agome kutoka mpaka apewe jogoo, na atawatangazia waombolezaji wote kwamba huyu hapa ndiye bibi aliyepigana na majitu akakimbia kisu cha daktari.

Nilicheka. Nilicheka mpaka miwani ikajaa ukungu, jitu langu likapigwa, tukashindwa, na Imakulata akadhani nimebanwa pumzi, maana yeye alikuwa ananisikia mimi tu, yule kijana alikuwa sikioni mwangu. Nilipovua, mtoto akaniuliza ninacheka nini. Sikumwambia. Miezi yote hii hakuna aliyeutaja mguu wangu kama kitu changu, kitu ninachoweza kukiachia kwa hiari yangu. Mlikuwa mnautaja kama mwizi atakuja kuuchukua. Huyu kaomba kiatu.

Basi ni hivi. Jumatatu naingia hospitali, wakate.

Imakulata ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee, barua haijaisha. Analia, karatasi imepata tone hapo, usidhani ni chai. Nimemwambia nitakaporudi atanipeleka kwa Nishant, na safari hii nitapigana kwa hasira, kwa hiyo ajipange.

Wewe njoo Jumapili. Njoo na michembe ya viazi na karanga mbichi, usije na kilio. Neno pole ukilileta liache stendi. Tutalala kitanda kimoja kama zamani, na unaruhusiwa kunipiga teke, ila upande wa kulia.

Wasalimu wote wa hapo, Adriano umwambie asante kwa kusoma, na majirani walioniombea uwaambie waongeze kidogo. Mimi nimejiandaa. Kiatu nimekifuta vumbi, nimekifunga kwenye gazeti, na asubuhi hii kimeondoka na basi la Dar es Salaam. Kitu alichokwisha kupewa mtani hakiombwi tena. Kwa hiyo hata woga ukinishika usiku wa Jumapili, sina kiatu cha kukimbilia.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukusumbua,

Katarina
Ng'ambo, Tabora