Sukari Ile Ile, Bua na Punje

Jumapili, jua linazama hapa Nakivale. Upepo umetulia, nimeshiba, na mawazo yanaelea tu.

Nimekuja kumwona mama. Mimi naishi Mbarara, nasoma biolojia, na jioni nasuka watu nywele Kakoba ili mkono uende kinywani. Nimekuta mahindi yake yamesimama marefu, lakini jua liliyawahi. Magunzi hayana punje.

Mama aliwasha mabua makavu chini ya sufuria, akasonga bukari, ugali wa kwetu. Nikakaa jikoni nikiota macho wazi. Bua linalowaka na unga unaochemka ni sukari ile ile, glukosi. Tofauti ni msuko. Ndani ya wanga glukosi zimejisokota kilegevu, tumbo huzifumua mara moja. Ndani ya selulosi ya bua zimenyooka, uzi ubavuni mwa uzi, zimeshikana kabisa. Ndiyo maana bua halianguki kwa upepo, na ndiyo maana mtu hawezi kulila.

Shamba zima la glukosi, na nyumba haina chakula.

Wazo hilo liliponijia, nilikuwa nimeshamaliza kula. Nikamuuliza mama unga ameutoa wapi.

“Ni ile mbegu,” akasema. “Ulitoka mbali, mwana wangu. Siwezi kukulalisha na njala.”

Mbegu ya msimu ujao! Mvua zimekaribia, na sasa hana cha kupanda. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nikatoka nje nikalia kidogo.

Wanga wa punje hauyeyuki ovyo kwenye maji, hivyo hukaa humo kimya hadi siku ya kuota. Ni akiba ya mche ambao bado hauna jani la kujilisha. Leo akiba hiyo nimeila mimi, mtu mzima mwenye miguu na mikono. Hivi sasa ini langu linaipanga upya kuwa glikojeni, yenye matawi mengi, ili mwili ukiihitaji uikate ncha nyingi kwa pamoja na nguvu ije haraka.

Basi ije. Kesho alfajiri natembea hadi Rwekubo kupanda gari, na nitasuka kila kichwa kitakachokaa mbele yangu Kakoba mpaka mbegu irudi kabla ya mvua.

Bukari ilikuwa tamu. Niliomba niongezewe, na mama akaniongezea huku anatabasamu.

Yeye alikula nini?