Jiwe Mbele ya Dirisha

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo, kama utaipokea. Mgongo umepoa? Mimi mzima kama chuma cha reli, ila hasira zimenijaa hadi kooni.

Umenipa sifuri kwenye mtihani wa kuingia chuo chako cha ufundi, halafu ukamwambia Mama nimenakili. Mimi! Swali lilisema jiwe linarushwa juu kwa mita ishirini kwa sekunde. Litapita lini mbele ya dirisha lililo mita kumi na tano juu? Nikakisia sekunde moja. Nikapima: linapanda ishirini, dunia inalivuta tano, zinabaki kumi na tano. Limekubali! Mahesabu marefu ya nini? Karakana nzima ya vioo ninakofanya kazi wananiita Jicho la Rula. Mama tangu jana hasemi nami.

Mpwa wako, bingwa

9 Machi

Mpwa,

Marahaba. Mgongo wangu haukuhusu.

Jibu lisiloonyesha njia limetoka dawati la jirani, na jirani yako naye aliandika moja vilevile. Tena ni nusu ya jibu. Hilo jiwe lenu lilibaki hewani? Endelea kukata vioo.

Mjomba wako

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo ya kulazimishwa. Afya yangu njema, ingawa hukuuliza.

Haya, nusu nilikosa, cheka ushibe. Jiwe hurudi, kwa hiyo dirishani linapita mara mbili. Nikajaribu sekunde nne: liko chini. Limeondoka sifuri, limetua nne, basi kilele ni katikati, mbili. Kushuka ni kupanda kwa kinyume tu. Kama moja ipo upande huu wa mbili, upande wa pili ni tatu. Nikapima: linapanda sitini, dunia inalivuta tano mara tatu mara tatu, arobaini na tano. Kumi na tano! Nimenakili kwa nani leo, kwa vioo?

Nataka mawili: Mama aambiwe ukweli, na nafasi yangu. Ukianza na nafasi, siji, hata unibembeleze.

Mpwa wako asiye mwizi

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuuma.

Mwanao hakunakili. Nilimsingizia. Alikisia, akapima, na makisio yake yana akili kuliko ulimi wake. Nafasi yake ipo. Mwambie aje Jumatatu, aandike njia yote, na asithubutu kunisalimia mbele ya wanafunzi wangu.

Mdogo wako