Dakika Tisa za Kaka Simoni

Jumatatu, 3 Juni 1996

Kaseti ya 61 imekamilika. Upande wa kwanza: watu wawili, saksafoni na ngoma, hakuna wimbo, hakuna kiitikio. Upande wa pili: mtu mmoja na besi yake, anaikwangua kama fundi anayepiga randa mlango. Nimeipa daraja A. Nimeisikiliza mara mbili kabla ya kwenda kazini, uji ukapoa.

Kazini mpakani Tunduma kama kawaida. Malori ya shaba yamejipanga barabara nzima. Nimejaza fomu za forodha mpaka kidole kikauma. Dereva mmoja alisahau muhuri upande wa Zambia, akarudi kunilaumu mimi. Nimemwacha aseme mpaka akachoka.

Saa kumi nikavuka kwenda Nakonde, redio kaseti ndani ya kiroba. Askari wa mpakani hawaniulizi tena. Wanadhani naipeleka kwa fundi kila siku. Redio gani hiyo inayoharibika kila siku, hilo hawajajiuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Bashi Chanda wa Nakonde, maana yake baba Chanda kwa Kibemba chao, ana santuri zaidi ya arobaini. Alikuwa akitunza baa ya klabu ya mgodini huko Copperbelt, Zambia. Mainjinia wa Kizungu walipoondoka waliziacha, yeye akazibeba na gramafoni yake. Haziazimishi. Ukitaka, njoo na redio yako, unganisha waya, rekodi, ondoka. Mwisho wa Julai anahamia Luanshya, huko huko Copperbelt, kwa binti yake, na santuri zote. Nimebakiwa na santuri kumi na tisa za kurekodi. Lazima nikimbizane.

Tatizo ni kaseti. Tupu hazipatikani. Zinazouzwa sokoni Tunduma ni za kwaya na utepe wake unakatika. Kwa hiyo tangu Aprili natumia zangu za zamani, zile za dansi. Kaseti ambayo mwenyewe hataki ifutwe huvunjwa vijino viwili vya mgongoni. Ukibandika plasta kwenye matundu yake, inakubali kurekodiwa tena. Nimemaliza boksi moja la plasta. Muuza duka la dawa ameniuliza nani ameumia.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Nimepanga rafu.

Niandike hili kwa sababu linanishangaza mwenyewe. Miaka kumi nilikusanya dansi. Huku kwetu jazi ni bendi: magitaa matatu, waimbaji wanne, mtu wa tarumbeta, watu wanacheza. Nilizijua bendi zote, nani kahama, nani kamfuata nani. Kisha mwaka jana Bashi Chanda akaniwekea santuri moja ya jazi ya ng'ambo nikadhani sindano imekufa. Nikamwambia aitoe. Akacheka, akaiacha iishe.

Wiki nzima niliisikia kichwani. Nikarudi. Mwanzo nilipenda zile za kelele, watu wanane wanapiga kila mmoja lake. Kufikia Desemba zikanichosha. Nikahamia za watu wanne, kisha wawili. Sasa napenda mtu mmoja, na zaidi pale anaponyamaza. Nasikia anavuta pumzi kabla hajapiga. Pumzi hiyo naithamini kuliko rafu nzima ya dansi.

Dansi sasa naliona la kitoto. Unajua kila kinachokuja. Nasema hivyo bila aibu, hakuna anayesoma humu.

Jumamosi, 15 Juni

Kaseti ya 66. B. Mpiga piano anajipenda mno.

Jumatano, 19 Juni

Barua imeletwa na dereva wa lori la kahawa kutoka Isansa, nyumbani kwetu. Ya shemeji Enesi, mjane wa kaka Simoni. Mwandiko wa pole pole, mistari imenyooka.

Kaburi la kaka litajengewa tarehe 13 Julai. Saruji ipo, msalaba umechongwa. Mama anataka ibada iwe ya heshima. Enesi anaomba kitu kimoja tu kwangu: ile kaseti ya Simoni, aliyorekodiwa ukumbini Mbeya akipiga saksafoni na bendi yake. Kaka alinipa mimi niitunze kwa sababu mimi ndiye mtu wa kaseti. Hakuna nyingine. Ameandika: "Hasa upande wa pili, shemeji, pale anaponitaja jina kabla ya kupiga. Nataka watu wasikie, na mimi nisikie."

Nimesoma mara tatu. Kisha nimekwenda kwenye rafu.

Alhamisi, 20 Juni

Imefutwa. Daftari linasema ilikuwa namba 14. Nimeikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake 52. Nilichukua katoni nzima ya dansi mwezi wa nne, nikarekodi juu yake moja baada ya nyingine bila kuangalia. Kosa. Haraka ya Bashi Chanda kuhama.

Kazini nimekosea fomu mbili.

Ijumaa, 21 Juni

Jana niliandika uongo humu. Sijui nilikuwa namdanganya nani.

Niliijua namba 14. Vijino vyake aliving'oa kaka mwenyewe kwa kisu cha mezani, mbele yangu, ili isifutike. Siku ile ya Aprili niliitia kwenye redio, upande wa pili, nikasikiliza kama dakika moja. Kuna mtu alisema kitu kwenye maiki, watu wakapiga makofi, kisha saksafoni ya kaka. Nikasema moyoni: ya kawaida. Anapiga kama wote. Nikabandika plasta.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilimpima kaka yangu kama ninavyowapima wengine, akapata C.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemweleza Bashi Chanda. Ni mtu wa kwanza na nataka awe wa mwisho. Alikuwa anafuta santuri kwa kitambaa cha flaneli. Akasema, "Mukwai," kwa adabu ya Kibemba, "saksafoni ni saksafoni. Chukua kaseti nyingine ya dansi, wape. Kule shambani nani atajua?"

Nimetafuta. Ninazo tatu zinazofaa. Moja ina saksafoni inayofanana sana. Nimeiweka mezani, nimeiangalia muda mrefu. Lakini hakuna anayemtaja Enesi.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda Mbeya kwa basi la asubuhi. Mpiga gitaa wa bendi ya kaka sasa anatengeneza redio karibu na soko. Amenikumbatia. Hana kaseti. Wenzake wawili wamekufa, mmoja yuko Morogoro, hajulikani mtaa. Akaniuliza, "Si alikupa wewe?" Nikasema ilipotea wakati wa kuhama nyumba. Nimekaa nyumba hii miaka minane.

Jumatano, 26 Juni

Kuna kitu.

Nimeisikiliza 52 yote, bila kuigusa, kwa mara ya kwanza. Kaseti ni ya saa moja, nusu saa kila upande. Upande wa kwanza nilirekodi santuri ya saksafoni moja na ngoma, dakika ishirini na moja. Ikiisha mimi huzima. Sikuwahi kuiacha iendelee. Leo niliiacha. Kimya kifupi, mlio wa kukatika, kisha katikati ya wimbo, bendi ya kaka. Dakika tisa. Anapiga beti mbili peke yake. Mwishoni anakohoa.

Upande wa pili nimeujaza hadi ukingoni. Nimesikiliza mpaka utepe ukasimama. Hakuna jina.

Nimelia kidogo. Nimenawa uso, nimekwenda kazini.

Ijumaa, 12 Julai

Kesho Isansa. Sijarekodi chochote tangu ile Jumatano barua ilipokuja. Santuri tisa zimebaki kwa Bashi Chanda na sina hamu.

Nimeisogeza kaseti mpaka mahali pa kaka panapoanza. Nitabonyeza mwenyewe. Nitamwambia Enesi kuwa upande wa pili uliharibika kwa unyevu. Hapana. Sijui nitamwambia nini.

Jumapili, 14 Julai

Niandike ya jana kwa mpangilio.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wanawake wameketi chini, wanaume wamesimama, kofia mkononi. Baada ya sala niliitwa kusaidia kubeba msalaba, ni mzito, watu wanne. Redio nikamwachia Mzee Ezekia, mzee wa kanisa, mtu wa utaratibu. Tuliposimamisha msalaba akatangaza kuwa sasa tutamsikia marehemu. Nikamwona anarudisha kaseti mwanzo. Nikanyoosha mkono. Akanitazama kwa ukali, akasema, "Marehemu hatumsikii kuanzia katikati." Akabonyeza.

Saksafoni ikapiga kelele. Haikuanza pole pole, ile huanza kama mtu aliyekanyaga moto. Nilisubiri mtu acheke. Hakucheka mtu. Hakuna aliyetikisika. Ni jambo la marehemu, na jambo la marehemu huku kwetu halikatizwi hata likikushinda kulielewa. Ningeweza kusema. Nilikuwa hatua sita kutoka kwenye redio. Nikasimama na udongo mikononi kwa dakika ishirini na moja.

Nawajua wapigaji wale. Hawajawahi kufika hapa wala hawajui kama kuna Isansa. Lakini nilivyoisikiliza pale, katikati ya watu wa kwetu, palipokuwa pananifurahisha pakaniogopesha. Kaka aliugua miezi minane. Alikuwa anageukia ukutani ili tusione uso. Sauti ilipofika pale inapopasuka, mama akasema kwa sauti, "Kumbe alikuwa anaumwa hivi. Hakuniambia. Amesema humu." Wanawake wakaanza kulia naye.

Kisha mlio wa kukatika, na dansi. Watu wakainua vichwa. Shangazi mmoja akatikisa mabega bila kunyanyuka. Kikohozi. Mzee Ezekia akazima, akasema amina.

Enesi hakulia. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeongeza siku moja Isansa. Asubuhi Enesi alikuwa anaanika kahawa. Nilikwenda kusaidia. Tulitandaza kwenye turubai mbili.

Akasema, "Yule wa kwanza si Simoni."

Nikasema si yeye. Nikamweleza yote. Plasta, daftari, daraja C. Sikuficha hata hiyo. Aliendelea kugeuza kahawa kwa mkono.

"Nimelala kando ya pumzi yake miaka kumi na moja," akasema. "Hata akipuliza moto jikoni naijua. Lakini mama usimwambie, shemeji. Mama amepata chake."

Nikasema sawa. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Akasema mimi ndiye mtu wa mwisho kuusikia upande wa pili. Ukumbini hakuwapo, alikuwa amejifungua. Simoni ndiye aliyemwambia kuwa alimtaja. Hajawahi kupata redio ya kuisikiliza. "Nieleze tu. Alilitajaje? Alicheka? Alisema Enesi, au alisema mama watoto?"

Masikio yangu haya. Nawajua wapigaji kwa namna wanavyovuta hewa. Naweza kusema santuri ipi imekwaruzwa wapi.

Sikumbuki. Nilikuwa naangalia saa, niwahi kuvuka kabla Bashi Chanda hajatoka. Nikamwambia hivyo hivyo.

Akaitikia kwa kichwa. Akasogea kwenye turubai la pili, nikabaki kwenye la kwanza.

Jumatano, 31 Julai

Bashi Chanda ameondoka leo. Nimemsaidia kufunga masanduku. Alitaka kunipa santuri moja, nichague. Nimemshukuru, sikuchagua. Alidhani naona haya. Mkweche wake wa pikapu ukaondoka na vumbi, nikarudi mpakani mikono mitupu. Askari akaniuliza redio iko wapi.

Redio na kaseti viko Isansa. Mama aliviomba.

Jumapili, 18 Agosti

Niko Isansa, kuchuma kahawa. Baridi asubuhi, jua kali mchana. Mikono imechubuka.

Mama anaipiga ile kaseti kila siku baada ya chakula cha mchana. Anakaa barazani anachambua maharage, macho ameyafumba, mikono inaendelea. Sehemu ya kelele ndiyo yake. Anaijua sasa. Mahali fulani huinua kidole kabla saksafoni haijapanda, na hakosei. Mimi ilinichukua miezi mitatu kupajua mahali hapo. Majirani wawili wameanza kuja kusikiliza naye.

Enesi, kaseti ikiwekwa, huchukua jembe na kutoka. Huelekea shambani nyuma ya migomba. Mama hajawahi kuuliza. Dakika ya ishirini na moja ikikaribia utamwona anarudi kwa njia ile ile. Hana saa.

Leo alirudi mapema kidogo. Yule mgeni wa kwenye santuri bado alikuwa anapiga. Enesi akasimamisha jembe ukutani, akasubiri mlangoni, kichwa chini, mpaka ule mlio wa kukatika. Nikanyanyuka kwenye kigoda. Akakaa.