Nyumba ya Watu Niliyomwonyesha Mke Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako maana maji yamenifika shingoni, na naomba pia unifichie jina, kwa sababu huku ugenini safu yako tunaisoma kwenye simu wanaume sita chumba kimoja, kila wiki tunacheka matatizo ya watu, na wiki hii wa kuchekwa ni mimi.

Mimi ni fundi wa vigae, nina mke mmoja na watoto watatu, na huu ni mwaka wangu wa tatu tangu niwaache nyumbani nije kutafuta. Kazi ipo, sitaki kumkufuru Mungu, magoti yangu yameota sugu lakini mshahara unaingia, ila nyumba za huku, mshauri wangu, nyumba za huku zinamtisha hata mwenyeji, mtu anafanya kazi benki na bado anaishi kwa mama yake, sembuse mimi niliyekuja na begi moja. Ninalala kitanda cha juu, wa chini yangu ni dereva wa lori, kupika ni kwa zamu na zamu yangu ni ya nne, nikikosa foleni nalala na chai.

Sasa sikiliza nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Mwaka jana tulipewa kazi kwenye nyumba moja ya ghorofa, wenyewe walikuwa wamehamia kwingine wakisubiri tumalize, na siku hiyo nilikuwa peke yangu jikoni, nimemaliza ukuta mzima, vigae vyeupe vinang'aa, nikakaa chini nile mkate wangu wa mchana, mke wangu akapiga simu ya video, na kabla sijafungua mdomo nikamsikia anapiga kelele, "Baba watoto! Hilo jiko la nani? Kumbe umepata nyumba na unanificha!" Akaita watoto, wakajazana kwenye simu, mama mkwe naye akaitwa, akaja anajifuta mikono, wote wanashangilia, mama mkwe machozi yanamtoka anasema mkwe wangu Mungu akuzidishie. Mshauri, haki ya Mungu mimi sikusema ni yangu. Nilicheka tu. Nilicheka kwa sababu nilikuwa sijauona uso wa mke wangu ukiwa na furaha kiasi kile tangu nilipoondoka, na nikajiambia kesho nitamweleza.

Kesho yake akapiga saa ileile, akasema nionyeshe juu, nami nikavua viatu vya kazi nikapanda ngazi za watu nikimwonyesha chumba kimoja kimoja, watoto wanagombania vyumba, binti yangu mdogo akachagua kile chenye dirisha linaloangalia mti, akaniambia baba asikiingie mtu. Siku ya tatu mke wangu, ambaye ni mshonaji, ana kibanda chake na cherehani mbili na wateja wa kutosha, akaniambia nimpe vipimo vya madirisha yote. Mshauri, nilitoa futi yangu ya kazini nikayapima. Madirisha tisa. Nikamtumia. Ameshona mapazia ya nyumba nzima, ameyapiga pasi, yamekunjwa kwenye begi kubwa yanasubiri safari, na lile la dirisha la mti amelitarizi maua pembeni.

Kazi ile iliisha kwa wiki tatu, wenye nyumba wakarudi, nami nikamwambia mke wangu kamera ya simu imekufa. Tangu hapo tunaongea sauti tu. Kila wiki ananiuliza lini nitatengeneza simu.

Basi nikaanza kutafuta nyumba kwa bidii nikidhani nitaifukuzia ile ya uongo kabla haijajulikana. Nimezunguka mpaka soli zimeisha. Kila mwenye nyumba anauliza mko wangapi, nikisema watano, ghafla chumba kilishachukuliwa jana. Wengine wanataka karatasi za mshahara za mwaka mzima, na mimi nusu ya mwaka nililipwa mkononi, wengine wanataka mdhamini, nani anidhamini huku, dereva wa lori? Kuna mwenzangu kazini, fundi lipu, mtu mzima, anaishi na familia yake chumba na sebule, huyo alinitafutia vyumba viwili juu ya duka la dobi, nje kidogo ya mji, bei ningeiweza, mama mwenye nyumba hana makuu, alichouliza ni kama watoto wangu wanavaa viatu ndani kwa sababu hataki vishindo. Nikasimama mlangoni. Mashine za dobi zinanguruma chini, ukuta umefifia, madirisha mawili tu, moja linaangalia ukuta wa jirani. Nikajiona nimesimama pale na mke wangu na begi lake la mapazia ya madirisha tisa. Nikamwambia yule mama asante, nitafikiria. Fundi lipu alinuna siku mbili, ila juzi kaniambia bado viko wazi mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa vibali vya familia kuja kuishi huku vimetoka. Vina miezi sita ya kuingia, lakini mke wangu hataki kungoja hata mmoja, ameshaambiwa bei ya tiketi, na Jumamosi hii anarudisha funguo za kibanda cha kupanga kwa mwenyewe na cherehani anamwachia mdogo wake. Kazi yake ya miaka kumi na moja, mshauri. Anaiacha kwa sababu ya jiko la watu.

Jumapili iliyopita aliniuliza, "Hiyo nyumba ina kelele?" Nikasema haina. Akasema, "Baba watoto, mimi hata tukilala wote sakafuni sijali. Ninachotaka ni kukuona." Nikaona ananibembeleza tu, nikabadilisha mazungumzo.

Nimewaza niseme nyumba imeshika moto. Nimewaza niseme mwenyewe ameiuza. Nimewaza nimwambie ofisi ya uhamiaji imezuia vibali, halafu ndani ya mwaka nijipange. Mke wangu ni mtu mkweli kupita kiasi, akirudishiwa chenji zaidi hurudi dukani, na nikimwambia ukweli nahisi hatanitazama tena kama alivyonitazama siku ile. Nisaidie nichague lipi la kusema, liwe la mwisho, baada ya hapo sidanganyi tena mpaka naingia kaburini.

Ni mimi, Fundi Vigae.

*

Fundi, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili nikiwa nimekunja uso. Unaniomba nikuchagulie uongo ulio mzuri. Baba, umekosea mlango. Hapa hatuuzi hiyo bidhaa.

Nianze na huruma, maana nayo unastahili. Mtu anayelala kitanda cha juu miaka mitatu, anayepiga magoti kutwa kwenye majumba ya wenzake, kisha akamwona mkewe anafurahi, na akakosa ujasiri wa kuizima furaha hiyo, huyo si mtu mbaya. Kucheka siku ile nakusamehe. Hata ngazi nakusamehe, kwa shingo upande. Ila siku uliyotoa futi mfukoni ukapima madirisha ya watu, hapo uliingia kwa miguu yako mwenyewe. Tisa, Fundi! Hukuchoka hata kwenye la tano?

Halafu ukafanya kubwa kuliko hilo. Ulipewa vyumba viwili vya kweli, vyenye bei unayoiweza, na mama mwenye nyumba asiyejali mko wangapi, huku ugenini ambako mwenyewe umeniambia watu wa benki wanalala kwa mama zao. Ukavikataa. Na wala hukuvikataa kwa sababu ya kelele za dobi wala ukuta uliofifia. Ulivikataa kwa sababu havifanani na picha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wako wewe hata kupita haupiti, una wenyewe na wameshaukalia.

Unadhani unamwonea mkeo huruma. Mimi naona unajionea huruma wewe. Unachokilinda ni ule uso uliokutazama siku ya jiko, unataka uendelee kukutazama hivyo hivyo. Naelewa, kupendwa kutamu. Lakini yule aliyetazamwa siku ile alikuwa mwenye nyumba, na wewe si mwenye nyumba. Mkeo hajakutazama wewe tangu mwaka jana.

Tena nikuulize. Mwanamke aliyezaa nawe watoto watatu alikuona wiki tatu nzima, kila siku saa ya chakula, una vumbi la saruji kwenye nywele, jikoni hakuna sufuria, hakuna kijiko, vyumbani hakuna hata mkeka, kisha siku kazi ilipoisha na kamera nayo ikafa. Mshonaji huyo, mtu wa kukagua mshono kwa jicho. Sisemi anajua, sijakaa naye. Ila maneno yale ya kulala sakafuni hayakuwa ya kubembeleza hata kidogo. Alikuwa anakufungulia mlango uingie na ukweli wako, nawe ukaanza kuzungumzia mengine. Soma tena ulivyoniandikia mwenyewe. Mimi nililia hapo.

Sasa kuna jambo ambalo halingoji, nalo ni Jumamosi. Mkeo akirudisha funguo za kibanda, akagawa cherehani, akawatoa watoto shule, halafu akashuka huku akute ngazi za dobi, utakuwa umemwibia kitu ambacho hata ukifanya kazi miaka ishirini hukirudishi, haki yake ya kuamua maisha yake akiwa anajua. Miaka kumi na moja ya jasho lake! Huenda atakuja vilevile. Huenda atasema ngoja kwanza. Lakini aseme yeye, na aseme kabla ya Jumamosi.

Na moto usiuwashe. Ukisema nyumba imeungua, mama mkwe ataanza kukuombea, jamaa watakuchangia, na utakuwa unakula mchango wa moto usiowaka. Habari za ofisi kuzuia vibali usizitamke hata kwa mzaha. Vibali ni halali, vimetoka kwa haki, usiviingize kwenye uchafu huu. Miezi sita mnayo na inatosha kwa mtu anayesema kweli.

Fanya hivi. Leo ukitoka kazini usiende chumbani, nenda kwa fundi lipu. Mwombe radhi, maana alikutafutia makazi ukamwonyesha mgongo. Nendeni wote wawili kwa yule mama, umwambie umefikiria na uko tayari, na watoto wako watavua viatu. Msimamizi wako wa kazi mwombe karatasi yenye muhuri inayosema unalipwa nini, usione aibu, ukuta wako unaouongelea unang'aa kwa sababu ya mikono yako na yeye anajua. Ulizia shule iliyo karibu na hapo inachukua watoto wangapi na lini. Ulizia yule dobi kama anapokea nguo za kurekebishwa na nani anazishona, maana unaye mshonaji ndani na umekuwa ukimhesabu kama mzigo wa kuletewa, wakati ni mtu wa kuchangia kodi. Hayo yote yafanye leo na kesho asubuhi, ila usingoje yakamilike ndipo useme. Hata yule mama akikwambia vyumba vimekwenda, utasema hivyo hivyo.

Watoto mwachie mama yao awaambie, na kwa namna atakayotaka. Binti yako mdogo atakasirika kuhusu chumba chake. Ana haki ya kukasirika, usimnunulie zawadi. Na mapazia, Fundi, ni kitambaa. Mwenye mkasi ni mkeo, atayakata mwenyewe akiamua kuyakata. Wewe usiyaguse.

Ukimaliza kueleza, mwekee mbele njia zilizopo: waje wote kwenye vyumba viwili, au aje yeye kwanza mpange pamoja watoto wafuate, au abaki na kibanda chake mpaka miezi hii iishe mkiwa mnatafuta. Usimwambie wewe unapenda ipi mpaka akuulize. Umeamua peke yako mwaka mzima, na matokeo yake tunayaona.

Kuhusu kukutazama kama siku ile, siwezi kukudanganya, huenda hatakutazama hivyo tena. Huenda itachukua muda mrefu akuamini hata ukimwambia mvua inanyesha. Hiyo ndiyo gharama, na ni wewe utakayeilipa, taratibu, kwa kusema kweli kwenye mambo madogo madogo kila siku. Wapo walioilipa wakamaliza. Nawajua.

Basi kesho omba ruhusa kazini urudi chumbani, umpigie mchana, saa ileile ya mkate, kwa video. Kamera yako ni nzima. Panda kitandani kwako, zungusha simu taratibu aone vitanda vyote sita, aone begi lako na kamba ya nguo, kisha uigeuze akuone wewe. Mwambie, mama watoto, hapa ndipo ninapoishi, na ile nyumba nilikuwa naweka vigae. Usiongeze "lakini". Atalia, au atanyamaza, na akinyamaza itauma zaidi. Usimkatize, na usimwahidi kitu chochote siku hiyo, ahadi zako anazo za kutosha. Kaa hapo na simu mkononi, dereva wa lori akitaka kusikia na asikie, mpaka mkeo aseme neno la kwanza.